Chatu wa Baba na Mkwe Asiyejua Kuita

Siku mume wangu alipotangaza kwamba yuko tayari kumfuga chatu wa marehemu baba, alikuwa amevaa kofia ya wachimbaji yenye taa, glavu za kuchomelea vyuma na mabuti ya mpira yanayofika magotini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Nilimuuliza kama anakwenda kufuga nyoka au anashuka duarani, maana kule Katoro, ambako aliuza vifaa vya wachimbaji kwa miaka mingi, ukimwona mtu kavaa hivyo ujue anaingia shimoni kutafuta dhahabu. Akanijibu kwamba usalama kwanza. Usalama wenyewe alikuwa ameusoma kwenye simu.

Kwetu ni Kagongwa. Baba alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, mmoja wa wale ambao baada ya mavuno hushindana uwanjani kundi kwa kundi, na chatu akitolewa watu wanarudi nyuma huku wanataka kuona. Chatu wake alimpata akiwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja. Akakua mpaka akajengewa kibanda cha tofali nyuma ya nyumba, chenye mlango wa nondo. Mimi nilikua naye kama watoto wengine wanavyokua na ng'ombe, na sikumpenda hata siku moja. Niliolewa mbali, na wapo wanaoamini kwamba sababu ilikuwa mapenzi.

Chatu wa ukubwa ule hashikwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kichwani, mwingine mkiani, kwa sababu akianza kujizungusha, wa kichwani hana mkono wa ziada wa kujiokoa. Baba alikuwa kichwani. Mkia ulikuwa wa mama. Kila nyoka alipotolewa, baba alipaza sauti kutoka kibandani, "Njoo ushike mkia!" na mama aliitikia popote alipokuwa, hata ugali ukiwa jikoni unaungua. Ugali ulioungua tumeula sana sisi.

Baba alipofariki, mzee mmoja, mchezaji mwenzake wa siku nyingi, alishika nafasi ya kichwani. Kisha naye akatuambia kwamba anahamia Geita kwa mwanawe, mgongo umechoka. Kundi la ngoma la huko likaomba limchukue nyoka, likasema litakuja na pikapu Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama hakusema hataki. Alisema tu kwamba kibanda kikikaa tupu kitaingia panya. Kisha akaenda kukifagia, kibanda kilichokuwa kimefagiwa asubuhi hiyo hiyo, na mimi nikajua kwamba nyoka akiondoka mama atakuwa amefiwa mara ya pili.

Mimi kichwa sikishiki, nimeshasema simpendi. Ndugu zangu wako mbali. Akabaki mume wangu, ambaye tangu tuhamie Kagongwa na kuanza biashara ya mpunga tunakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Alijitolea mwenyewe. Nampa heshima yake hapo, maana ni mtu anayepanda juu ya kiti akiona mjusi.

Tatizo ni kwamba yeye ni mkwe. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali: hawashikani mikono, hawatazamani usoni, huyu akipita huku yule anapita kule. Mume wangu babu yake alitoka Tanga, na kwao heshima iko kwenye maneno matamu na kutokumsumbua mkubwa. Yeye alizichukua heshima zote mbili akazijumlisha. Akimwona mama anakuja barabarani anaingia duka lolote lililo karibu. Siku moja aliingia la vitenge, akatoka na doti mbili ambazo sikuwa nimeziomba. Sikulalamika.

Basi siku hiyo ya kofia yenye taa tulikwenda. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kibanda. Mama alikaa upande wa pili wa uwanja, kanga kichwani, ametugeuzia mgongo nusu.

"Mwangaluka mayu," mume wangu alisema, ameinama mpaka taa ya kofia ikamulika vidole vyake vya miguu. Salamu hiyo ya asubuhi ndiyo Kisukuma chote alichokuwa nacho. Akaongeza na shikamoo, akiba haiozi.

"Marahaba baba," mama aliitikia. Kisha akanigeukia mimi. "Muulize mumeo, atamlisha lini na lini?"

Mume wangu alikuwa mita chache kutoka kwake na ana masikio mazuri, lakini nikamuuliza.

"Mwambie mama nitampa kuku kila siku," alisema. "Hawezi kulala njaa na mimi nipo."

"Muulize, yeye akimeza kuku mzima na manyoya yake, kesho yake atataka mwingine?"

Mzee akakohoa ili asicheke. Mume wangu akakiri kwamba asingetaka. Maswali mengine alijibu vizuri. Alijua kwamba nyoka aliyeshiba haguswi, asije akatapika. Alijua kwamba ukitoka kushika kuku unanawa kwanza, maana mkono unaonuka kuku kwa chatu ni kuku. Alijua pia kwamba akijizungusha hufunguliwa kuanzia mkiani, si kichwani. Kwa maneno alikuwa amepita, na nilianza kuona aibu kwa utani wangu wa asubuhi.

"Mwambie avue hizo glavu," mama alisema, "amtoe."

Alimtoa. Alikamata nyuma ya kichwa kama mzee alivyomwonyesha, akarudi nyuma taratibu, na nyoka akafuata, mzito, anang'aa. Mzee, kwa makusudi, hakuushika mkia. Mama naye alikaa pale pale alipokuwa. Nyoka akapita kiunoni kwa mume wangu mara moja, akapumzika, akapita tena, sasa kifuani.

"Muulize mumeo kama yuko salama," mama alisema.

"Hamna shida kabisa, mama," alijibu mwenyewe. Akapandisha kidevu. "Endelea na shughuli zako."

Mama hakuwa na shughuli. Chatu akakaza kidogo. Uso wa mume wangu ulianza kupata rangi ambayo sikuwahi kuiona tangu anioe.

"Muulize kama anapumua."

"Mama anauliza kama unapumua."

"Mwambie," alisema, akatafuta hewa, "napumua. Wastani."

Hapo nilipiga kelele mimi. Mzee alikuwa ameshainuka. Alikamata mkia, akamfungua mume wangu mzunguko mmoja baada ya mwingine, akamrudisha nyoka kibandani. Mume wangu alikaa chini kwenye vumbi na mabuti yake, anahema, na cha kwanza alichosema ni kumwomba mama radhi kwa usumbufu.

"Hayuko tayari," mama alisema, akainuka kwenda ndani.

Mume wangu alimjibu nyuma ya mgongo wake, bila kupitia kwangu. "Lakini nilivumilia, mama!"

Mama alisimama mlangoni. "Ndilo kosa lako. Nyoka hajui kama unavumilia. Marehemu hakuwahi kufika huko. Alikuwa akiniita mapema, hata akiwa na wasiwasi tu. Wewe utakufa umenyamaza, halafu mwanangu aje kunilaumu." Kisha akasema kwamba wageni watakapokuja Jumamosi wamchukue nyoka.

Wiki ile nyumbani kwangu kulikuwa na masomo. Asubuhi, kabla hajaenda kupima mpunga, nilimsimamisha uani na kumzungushia shuka la kitanda kifuani, nikamwambia aite. Aliita. Lakini sauti iliyotoka isingemwamsha paka. "Samahani mama," alisema, "kama utapata nafasi, naomba uje kidogo." Nikamwambia kabla hajamaliza hiyo hotuba tutakuwa tumeshapanga matanga. Jirani alichungulia, akaona mtu kafungwa shuka na mke wake anamkemea, akarudi kwake bila kuuliza. Siku ya tatu aliweza kusema "Mama, njoo," lakini mama akiwa hayupo, na kwa sauti ya mtu aliyepaliwa. Nilimcheka mchana. Usiku sikulala vizuri, kwa sababu kila nilipopita kwa mama nilimkuta na fagio.

Jumamosi tulikwenda mapema kumwogesha nyoka kabla ya safari. Mzee alikuwa anakuja na hao wageni na pikapu yao, kwa hiyo kazi ilikuwa yetu. Mama alikuwa jikoni anapika ugali wa wageni. Mume wangu hakuvaa kofia. Aliingia kibandani, mimi nikabaki mlangoni na ndoo, nimeomba dua za dini zote mbili.

Alikamata kichwa. Akavuta. Nyoka akatoka, akapitisha mwili kwenye mkono wake mara moja, juu ya kiwiko, bila kubana. Nikamwona mume wangu anautazama ule mzunguko. Nikamwona anameza mate. Halafu akafungua mdomo.

"Mama! Njoo! Njoo ushike mkia!"

Alipaza sauti mpaka kuku wakaruka. Jirani alisikia, barabarani walisikia. Mama alitoka jikoni mbio, miguu mitupu, mwiko wa ugali mkononi, kanga imeanguka nyuma yake na hakuiokota. Aliutupa mwiko, akakamata mkia, akamfungua ule mzunguko mmoja, mkono wake ukipita juu ya mkono wa mkwe wake, na hakuuondoa mpaka kazi ikaisha.

"Mbona hajakubana?" aliuliza. Alikuwa anahema.

"Hajanibana, mama. Nimekuita kabla."

Mama alimtazama usoni. Akaanza kucheka, na machozi yakaja katikati ya kicheko, naye hakuyaficha kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye mkia. Mimi nililia wazi wazi. Tangu baba aondoke wote tulimhurumia mama, tukamwambia apumzike, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwita kwa sauti ile.

Pikapu ilipofika mchana, mama aliwakaribisha wageni, akawasikiliza, kisha akawaambia kwamba nyoka hana safari. Walikula wakashiba, wakarudi Geita na gunia la mpunga kama pole. Ugali wenyewe ulikuwa umeungua, na mama ndiye aliyekula mwingi kuliko sisi wote.