Kibakuli cha Mgawa Maji

Mgawa maji wetu huketi penye mlango wa mfereji tangu alfajiri, amekunja miguu, mbele yake beseni la maji, na ndani ya beseni kinaelea kibakuli cha shaba chenye tundu dogo chini. Kikijaa na kuzama, zamu yako imekwisha. Anapaza ile sauti yake ya mikwaruzo, "Funga!", nawe unafunga, hata kama miche yako inakufa. Kabla ya kila zamu hung'oa udevu mmoja akazibulia lile tundu, maana chembe ya mchanga huchelewesha kibakuli, na huku Kalat, mwaka wa nne bila mvua, kuchelewa huko humpa mwenye zamu maji ya matuta mawili zaidi ya vitunguu. Kidevu chake kina mabaka kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Jana, ilipofika zamu ya Mahganj, mjane mwenye watoto watatu, hakugusa kidevu. Kibakuli kikaelea, kikaelea.

"Mzee, leo tundu hujalizibua," Shahdost, mmoja wetu tuliokuwa tukingoja zamu, akamwambia.

"Macho yamechoka, mwanangu. Kwani we una haraka ya kwenda wapi?"

Zamu iliyofuata ilikuwa ya shamba la mgawa maji mwenyewe. Aling'oa ndevu mbili, akazibua tundu, akalitazama juani, akazibua tena.