Roketi Iliyomngoja Baba

Mwalimu Selestine alipowaambia wanafunzi wake pale Masumbwe kwamba kuna watu wanaishi angani, wanaizunguka dunia miezi sita kisha wanarudi kwao, Nyamizi hakucheka kama wenzake. Alikimbia nyumbani, akamkuta mama yake, Vumilia, anamenya mihogo ya kukaanga, mtoto mdogo kamfunga mgongoni.

"Mayu, angani ni mbali kuliko duarani?"

"Angani ndiko mbali. Duara ni shimo tu la dhahabu, mwanangu."

"Sasa mbona wale wa angani wanapiga simu nyumbani, na baba hapigi?"

Vumilia akainamia mihogo yake. "Chini ya ardhi hakuna mtandao."

Uongo huo ulianza ukiwa kweli. Stanslaus, baba yake Nyamizi, alikwenda Geita kuchimba, akawa anazama duarani na wenzake, wanashinda na kulala humo humo. Kisha Bhoke, muuza dagaa, akaja na habari: kamwona mtaani Kalangalala, mjini Geita, kanenepa, kambebea kapu mwanamke mjamzito.

"Shoga, yule siku hizi hata vumbi la duara halijui."

Vumilia alilia jikoni, akasingizia moshi. Kwa mtoto, baba akabaki duarani.

Nyamizi akaunda roketi. Chupa kubwa ya soda, mabawa ya boksi la sabuni, kizibo alichokata kwenye kandambili kuukuu na kukichomeka valvu ya tyubu ya baiskeli. Unatia maji kidogo, unajaza upepo kwa pampu, chupa inafyatuka yenyewe. Siku ya kwanza ilimlowesha mama yake kichwa hadi miguu.

"Mama Nyamizi, leo umebatizwa!" majirani wakapiga kelele.

Vumilia alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na siku nyingi hajacheka vile.

Wenzake nao wakaunda zao, na shuleni ikapangwa kwamba Ijumaa kila mtoto arushe roketi yake mbele ya wazazi. Nyamizi akagoma.

"Mwambie mwalimu namngoja baba apande juu. Nikirusha sasa hataiona."

"Wenzako wote watarusha. Utabaki peke yako."

"Nitabaki na yeye. Hata wale wa angani hurudi, mayu."

Alikuwa ameshona mwavuli wa kuishushia chupa, kwa kitambaa cha shati la baba yake lililoachwa msumarini. Vumilia alilijua shati lile. Na yeye alikuwa halifui, harufu isije ikaisha. Akamwona mwanawe anajifunza kungoja, na kazi hiyo amefundishwa na mama yake.

Akaweka chini kisu cha mihogo.

"Nyamizi. Baba yako hayumo duarani. Alishatoka."

"Lini?"

"Tangu masika."

Akajiandaa kwa maswali: yuko wapi, yuko na nani, atarudi lini. Hakuulizwa hata moja. Mtoto aliigeuza chupa mikononi, akaangalia mabawa yake, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo mtandao alikuwa nao."

"Alikuwa nao, mwanangu."

Ijumaa chupa ya Nyamizi ilizipita zote. Wazazi wakapiga vigelegele, kitambaa kikachanua juu ya uwanja wa shule, kikayumba, kikashuka taratibu. Nyamizi hakuitazama. Alikuwa ameinama, anafungua pampu.

Aliyeifuata kwa macho mpaka ikagusa chini ni mama yake.