Goita ilitoka salama, sasa mwanangu hanitambui kwenye simu

Wakuu salaam. Anayetafuta chai apite uzi mwingine, haya yamenikuta mwenyewe hapa Muscat.

Nafanya kazi za ndani Mabela kwa Bi Zuwena, mama wa Kiomani mwenye asili ya Unguja. Mwanangu Neema yuko Kilosa kwa bibi yake, mama yangu mzazi. Nilimwacha hajaanza hata kutembea, sasa anaongea.

Kwetu mtandao wa video ni wa kubahatisha, kwa hiyo namlea kwa voisi. Wenzangu wa Gulf mnaelewa. Kila mchana namwimbia, namwambia "lala mama, lala," bibi yake anamwekea simu sikioni. Mtoto hanijui sura, anajua sauti.

Sasa nilikuwa na goita. Ilivimba shingoni mpaka nikilala chali napumua kwa shida. Bi Zuwena akanipeleka hospitali, wakasema itolewe.

Daktari alinieleza mengi, Kiingereza kimechanganyika na Kiarabu. Nikaitikia tu. Mtu anayekosa pumzi hana muda wa maswali.

Nilizinduka sauti haipo. Siyo kukwaruza, haipo. Inatoka pumzi tu na kamluzi.

Wakasema mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umeguswa, upande mmoja wa nyuzi za sauti haufungi. Huenda ikarudi, huenda isirudi.

Kumbe na maji nayo yana mtihani wake. Funda la kwanza liliingia njia ya hewa, nikapaliwa mpaka nikajua ndiyo basi. Nikafundishwa kuinamisha kidevu na kumeza kidogo kidogo. Uji mzito unapita, maji yananitoa machozi. Kwa joto la huku, wakuu, kuogopa glasi ya maji ni adhabu.

Bi Zuwena kanivumilia, Mungu ambariki. Akiniona natweta kwenye ngazi ananipokonya kapu la nguo. "Kaa kitako mwanangu. Wallahi nna khofu na wewe."

Nyumbani sikusema. Si mnatujua, tukiumwa tunasingizia network. Nilipopata kamnong'ono nikatuma voisi: "Neema, lala mama."

Bibi yake akapiga. Nyuma yake mtoto analia, "Huyo siyo mama. Simtaki."

Iliniuma kuliko kile kisu.

Nikamweleza mama ukweli wote kwa meseji. Akajibu, "Zile voisi zako za zamani ninazo, mwanangu. Sijafuta hata moja."

Basi sasa mchana anamwekea hizo, na mimi ananipigia kwa simu ya jirani nisikilize. Nasikia mwanamke anaimba, mtoto anamwitikia, halafu kimya, kalala. Mimi niko huku nimeshika ndoo ya deki, nalia bila mlio.

Ndugu zangu, ukiambiwa ufanyiwe upasuaji wa shingo, tafuta mtu akutafsirie kila neno. Uliza sauti itakuwaje, kumeza kutakuwaje. Na kama una mtoto mbali, mwimbie sana kabla hujaingia.

Aliyepitia hili aje aniambie, sauti ilimrudia?

Na kama haikurudi, mtoto alikuja kukuzoea?