Jina la Babu Nililovuliwa

Nilizaliwa msichana wa nne katika nyumba iliyokuwa ikingoja mvulana. Baba alikuwa na maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, kule Rwamgasa, malori ya kusomba pamba na nyumba za kupangisha mjini Shinyanga, na ndugu zake walimuuliza waziwazi vyote hivyo anamchumia nani. Nililia tangu siku niliyozaliwa, mpaka wakamwita mganga. Alipasua kuku, akatazama matumbo, akasema ni babu, marehemu baba yake baba, anataka kurudi kupitia kwangu. Nikapewa jina lake na bangili yake ya shaba, nikanyamaza siku hiyohiyo. Ndivyo mama alivyonisimulia.

Kwa miaka kumi nilikuwa mzee. Vikongwe wa ukoo waliniamkia shikamoo huku nimejikojolea, nami nilijua kuitikia marahaba kabla ya kujua kufunga viatu. Baba aliniita Baba. Kila alipotaka kufungua duara jipya alinipakia kwenye gari hadi Rwamgasa, nikajaza kinywa maji yaliyochanganywa na unga, nikayapuliza ardhini, ndipo wachimbaji washuke. Wanawake hawakuruhusiwa kusogea pale. Mimi niliruhusiwa, na nilijiona mkubwa kweli.

Mama hakupata mvulana. Baba akaoa mke wa pili, mwenyeji wa Buseresere, naye akajifungua mtoto wa kiume. Baba alichinja ng'ombe, akagawa soda mtaa mzima. Kisha akaja kwetu Shinyanga na koleo. Alisema msichana ataolewa, atalihamishia jina kwenye mji wa watu, na jina la mwenye mali lazima likae kwa mrithi. Mama alimkumbusha kwamba jina lile hatukulichagua sisi, lilijileta lenyewe. Bangili ilikuwa imenibana, baba akaikata. Tangu siku ile niliitwa kwa jina la ubatizo, ambalo hata mimi nilikuwa nalisahau, na baba akawa haniiti kitu. Sikulia. Nilipata ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, na ninapoandika haya bado haijaisha.

Mdogo wangu alikuwa mzima mpaka alipovishwa ile bangili, ikiwa imeungwa upya. Wiki haikuisha akaanza kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha kitoto. Kilikuwa kizito, cha kujikokota, kinaishia kwenye mguno, na waliomjua babu walitoka nje walipokisikia. Hospitali walimpiga picha ya kifua, ikatoka safi. Duara kubwa la baba nalo likajaa maji katikati ya kiangazi. Mganga yuleyule akapasua kuku mwingine, akasema babu hajakubali kuhamishwa. Mimi niliyepewa jina ndiye wa kuliachia, kwa kinywa changu: nimpulizie mtoto maji kifuani na kusema nimekupa. Vinginevyo babu ataondoka naye.

Mama alinipeleka Buseresere kwa basi, jua likiwa kali. Tulifika hakuna aliyetukaribisha hata maji ya kunywa, wote walikuwa uani wakitungoja. Mama mdogo alikuwa amempakata mtoto, mbavu zake unaweza kuzihesabu. Baba akachuchumaa mbele yangu.

"Baba," akasema, "mwachie mdogo wako. Nakuomba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu alipokata bangili. Nilifurahi. Mtoto alikuwa anakufa mbele yangu, nami nilifurahi. Nilijua pia kwamba nikishapuliza hataniita hivyo tena.

Nikapewa kata ya maji. Nikajaza kinywa, nikainama hadi kifuani kwa mtoto, nikayameza. Yaliyotoka yalikuwa matone machache tu. Maneno niliyasema yote, kwa sauti. Mganga, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akasema imetosha. Mama mdogo alinishika mikono, akaniita mwanangu, akaenda kunipikia samaki. Nilikula wote.

Mtoto alifariki siku ya tisa.

Baba hakupata mwingine. Sasa amezeeka, anakaa kwangu Shinyanga. Asubuhi namchemshia uji, jioni namtoa barazani apate upepo, na hajawahi kuniuliza lolote. Nimesoma kiasi cha kujua kwamba watoto wadogo hufa kwa mambo mengi, na kwamba picha ya kifua haioni kila kitu. Mama peke yake ndiye aliyeona koo langu likishuka siku ile. Aliponiuliza nilimwambia nilikuwa na kiu, kwa ile safari na lile jua, akaniamini. Kiu nilikuwa nayo kweli. Ila ningeweza kungoja.

Mama mdogo hunipigia simu kila Krismasi. Hunishukuru kwamba nilikubali kumpa mwanawe jina, hata kama hakukaa nalo. Nami humwambia asante, halafu namuuliza kama kwao mvua zimenyesha.