Yai la Leodegar

Dominika wa Chekereni hana sauti kubwa, ila kichwa chake kigumu. Tangu mumewe afariki analima jaruba lao la mpunga mwenyewe. Msimu uliopita miche ilitoka michache kama nywele za kipara, na shemeji yake Leodegar, ambaye ndiye aliyempa mbegu, akatangaza: ikitoka hivyo tena, jaruba analichukua yeye.

"Mbegu yangu haina shida," alisema asubuhi ile, akitua gunia jingine uani. "Shida ni mkono wako."

"Basi tuipime, shemeji."

Njia ya kupima mbegu huku kila mkulima wa mpunga anaijua. Unakoroga chumvi kwenye ndoo mpaka yai lielee, ndipo unamwaga mbegu. Zilizojaa zinazama, mapepe, yale yasiyojaa vizuri, yanabaki juu.

Dominika alikuwa ndiyo kwanza ametia chumvi kiganja kimoja, Leodegar akachomoa yai mfukoni, akalitumbukiza. Likaelea palepale. Akamwaga bakuli la mbegu. Karibu zote zikazama.

"Umeona? Nzuri tupu! Jumatatu naleta jembe langu jarubani."

Dominika aliinama juu ya ndoo. Alilitazama lile yai. Chumvi kiganja kimoja, lingeeleaje? Akachota maji matupu ya mfereji kwenye sufuria, akalitia humo. Likaelea tena.

"Umelitoa wapi hili?"

"Kwa kuku aliyelalia. Yai ni yai, bwana."

Dominika akalipasua kwenye jiwe. Harufu iliyotoka ilimrudisha Leodegar nyuma mpaka kwenye banda la mbuzi.

"Limeoza. Limekauka ndani, limejaa hewa, limekuwa jepesi. Hili lingeelea hata kwenye chai yako."

Akaenda kutoa yai la asubuhi hiyo kiotani, bado lina joto. Akazichuja zile mbegu za kwanza, akalitia yai ndooni; likazama tii. Akaongeza chumvi, akakoroga, akaongeza; maji yakawa mazito, yakaanza kulisukuma, hadi likachungulia juu. Ndipo akamwaga bakuli jingine. Mapepe yakajaa juu kama povu la pombe ya mbege.

"Ni chumvi hiyo!" Leodegar alifoka. "Umeziharibu!"

"Haya, bonyeza moja."

Leodegar akabonyeza. Ganda karibu tupu. Akabonyeza nyingine, nayo vilevile.

Dominika akayachota mapepe yote, akayamwaga kwenye kofia ya Leodegar, aliyokuwa ameivua kwa joto.

"Kalishe kuku. Zilizozama nasuuza, naloweka, nasia kitaluni. Gunia lote litapita humu ndooni. Na hilo jembe la Jumatatu lilete tu, shemeji. Utanikuta jarubani kwangu, utanisaidia kulima."

Akainama, akaanza kusuuza.