Moshi wa Phelista

Watu wa Misikhu walimwita Wabwile mtafiti wa moshi, naye hakukataa. Mwaka 2008 shirika moja la Kitale lilimwajiri azunguke vijijini akiuliza kwa nini waliochimbiwa bayogesi, moto safi unaotoka kwenye mavi ya ng'ombe, walikuwa wakirudia kuni. Mitambo ilikuwa mizima. Ng'ombe nao walikuwa wazima. Kilichoharibika, alisema mkubwa wake Joan, kilikuwa ndani ya watu, na huko hakuna fundi wa kutuma.

Nyumba moja ilimuuma Wabwile kuliko zote. Ilikuwa ya Phelista, mama wa mkewe Jentrix. Ni Wabwile aliyembembeleza baba mkwe wake mpaka shimo la gesi likachimbwa, kwa ajili ya kifua cha mama huyo. Kikohozi kikatulia. Kisha moshi ukarudi juu ya paa, na kikohozi kikarudi nao.

"Nenda umuulize mwenyewe, uso kwa uso," Joan alisema.

"Madam, huyo ni mama mkwe."

"Si ndiyo vizuri? Mnajuana."

Joan hakuwa Mbukusu. Hakujua kwamba mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kwenye miwa hadi mwenzake apite.

Basi Wabwile akasimama nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, katikati ya migomba. Phelista alikuwa ndani akikohoa. Jentrix alikaa mlangoni apeleke maneno.

"Muulize mama kwa nini ameacha gesi."

"Mama, anauliza kwa nini umeacha gesi."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie gesi ni nzuri."

"Anasema gesi ni nzuri."

"Muulize, ugali hauivi?"

"Ugali unaiva!" ukuta ukajibu.

Jentrix akainuka. "Nyinyi mnasikiana vizuri, bana. Mimi ni redio ya nini?" Akachukua mtungi, akashuka mtoni.

Karibu na Wabwile alikuwa amefungwa ng'ombe mwenye kengele shingoni. Kuongea na mama mkwe ni aibu, lakini na ng'ombe je?

"Wewe ng'ombe," alisema kwa sauti, "moto wako una kasoro gani?"

Ndani, Phelista akaigeukia sufuria. "Sufuria yangu, unakumbuka ile Krismasi? Nilipikia gesi, paa likawa safi. Mtu fulani akadhani jikoni hakuna mtu, akaingia kutafuta chumvi. Macho kwa macho, na mimi leso yangu imeanguka! Sasa nisipowasha kuni, huyo mtu atajuaje niko ndani?"

Siku ile Wabwile alikimbia hadi barabarani na chumvi kiganjani. Vijiji vyote alivyopita akitafuta sababu, kumbe sababu alikuwa akitembea nayo, imevaa viatu vyake.

"Ng'ombe, yaani anakohoa kwa ajili yangu?"

"Sufuria, mwambie huyo ng'ombe hiyo ni heshima."

Wabwile akamvua ng'ombe kengele, akajivisha mwenyewe, akaanza kuizunguka nyumba polepole, kengele ikilia kila hatua.

Ndani, kuni zilimwagiwa maji. Kiberiti kikakwaruzwa, gesi ikawaka.

Jentrix alipanda kutoka mtoni mbio, maji yakimwagika. "Mama! Ng'ombe amefunguka!"

"Si ng'ombe," Phelista alisema kwa utulivu, bila kukohoa. "Ni bwana yako."