Hodi ya Kichakani

Bustani nzima ya jiji inamwita kaka yangu Mzee Hodi. Jina kajitafutia mwenyewe. Watunza bustani wengine wakitaka kupogoa kichaka, wanapogoa. Yeye kwanza anagonga shina kwa mpini wa mkasi, anaita, "Hodi, wenyewe!" halafu anainamisha kichwa na kusikiliza. Makinda wakilia, anafunga mkasi na kwenda zake mpaka waote mbawa. Kukiwa kimya, anakata.

"Unawabishia hodi ndege, kwani ni wakwe zako?" nilimtania siku za mwanzo. Mimi nafagia njia za bustani hiyohiyo, na ulimi wangu haujawahi kulala kazini.

"Nyumba ya mtu haibomolewi akiwa ndani, dada."

Ile kona ya ukutani ni jasho lake. Zamani bustani yote ilikuwa nyasi za kununua na maua ya kigeni, yanang'aa kama sahani za wageni kabatini, na kama sahani hizo hayamlishi mtu. Ndege walipita juu, hawatui. Kaka akaomba hiyo kona, akapanda ya porini kwetu: msuaki, mkuyu, mitunguja, vichaka vya miiba. Watu wakasema anafuga nyoka. Miti ilipokomaa, ndege wakatua: chozi wakaja kufyonza maua, tetere wakaja, na shorewanda, wale wenye kichwa cheusi na mdomo kama wangu, wakajenga viota.

Kisha masikio yakaanza kumtupa. Redio ya nyumbani kwake ikawa inasikilizwa na mtaa mzima. Wifi yangu akitaka kumwita mezani, anamfuata na kumgusa bega. Nikamwambia aende hospitali.

"Nikafanye nini? Ninyi ndio mmeanza kunong'ona. Mimi namsikia kinda akipiga mwayo!"

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikasema, na hilo nalo sijui kama alilisikia.

Nilijua anachoogopa. Wakigundua ofisini kwamba hasikii, watamwondoa kwenye kona yake. Na ukimwondolea ile kona, umebakiza nini? Shati na kofia.

Asubuhi moja msimamizi alilalamika kwamba miiba imevamia njia, ikatwe. Nilikuwa langoni na ufagio wangu niliposikia shorewanda wanapiga mayowe kule ukutani. Si kelele zao za kila siku. Nikatupa ufagio, nikakimbia na huu mwili wangu.

"Kaka! Acha! Kaka!"

Alikuwa amenipa mgongo, anakata taratibu kama kawaida yake. Mama ndege anamzunguka kichwani, na yeye anampungia mkono, anatabasamu, akidhani anasalimiwa. Nikamshika mkono wenye mkasi.

"Vipi wewe? Nimebisha hodi. Hamna mtu."

Nikamwonyesha chini. Kiota kilikuwa kimekatika vipande viwili. Kinda mmoja alikuwa kimya. Mwingine, uchi kama kidole, alikuwa amepanua mdomo, anafumba, anapanua tena.

Kaka akapiga magoti. Akasogeza sikio karibu kabisa na ule mdomo, akakaa hivyo.

"Analia?" akaniuliza.

"Analia, kaka."

"Kwa nguvu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliunga kile kiota kwa majani, akakirudisha kwenye tawi pamoja na yule mzima, tukasogea mbali. Mama yake alikuja mpaka ukutani, akatazama, akaruka. Hakurudi. Jioni hapakuwa na wa kulishwa.

Hakuna aliyemsemea kaka. Alikwenda ofisini mwenyewe, akaweka mkasi mezani. Msimamizi si mtu mbaya: alimpa bomba la maji na zile nyasi za kununua, mahali ambapo hapakaliwi na mtu. Mkasi nimepewa mimi.

Siku ya kupogoa simwiti. Anaona tu nimekwenda ukutani, anafunga maji, anakuja na viatu vyake vya matope. Anauchukua mkasi mkononi mwangu, anagonga shina kwa mpini, anaita, "Hodi, wenyewe!" Anainamisha kichwa vilevile, kwa mazoea. Halafu anakumbuka, anakinyanyua, ananitazama usoni.

Nami nasikiliza mpaka nihakikishe, ndipo namjibu kwa mkono.